Shingo Ngumu

Ombui alikuwa amesimama mbele ya kanisa akisoma matangazo ya Sabato, na kitu cha kwanza alichokiona mlango wa nyuma ulipofunguliwa kilikuwa viatu. Mguu mmoja ulivaa raba, mwingine slipasi ya bafuni. Aliinua macho polepole, akipita sketi iliyovaliwa upande, akipita leso iliyofunika kichwa hadi kwenye paji la uso, ndipo akamtambua mwenye viatu. Ni bintiye, Mong'ina.

Alipoteza mstari aliokuwa akisoma. Akarudia tangazo la mkutano wa akina mama mara mbili, na mara ya pili akalisoma vibaya zaidi.

Mong'ina alikuwa amewasili nyumbani Ijumaa, jua halijazama, akitokea mjini Kisii alikokuwa akisomea umeme katika chuo cha ufundi. Alisema kichwa kinamuuma na mwili wote umechoka. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba wasichana wa hosteli walikuwa wamekesha wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao. Ombui alidhani ni homa ya mafua. Mkewe Emily hakuwapo, alikuwa Nyamache akimuuguza mamake, kwa hiyo Ombui mwenyewe alichemsha chai ya tangawizi, akampa, akamwambia alale mapema kwa kuwa kesho yake kwaya ilimtegemea.

Sasa kwaya ilisimama, na Mong'ina hakusimama nayo. Aliketi kwenye benchi la mwisho, ameshikilia mbao kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda kitu kinachoyumba. Watu walipopiga magoti kuomba, yeye alibaki ameketi, kidevu kimeinuka, uso umeelekea mabati ya dari, macho yamefumbwa. Ombui alimkazia macho. Alimfanyia ishara kwa mkono. Msichana hakuinama.

Sala ilipokwisha, alitoka akishika benchi moja hadi jingine, na kabla hajafika mbali akatapika kwenye ua wa misonobari, mahali ambapo kila aliyeketi upande wa madirisha aliona vizuri. Wanawake wawili walitazamana. Hakuna aliyesema neno, lakini Ombui alilisikia.

Neno hilo alilijua kuliko wote waliokuwa pale. Kakake, marehemu Makori, alikuwa ameuawa na chang'aa, na kwa miaka mingi kazi ya kumtafuta mitaroni na kumleta nyumbani ilikuwa ya Ombui. Alijua jinsi mlevi anavyotembea, anavyochukia mwanga, anavyotapika kisha akakasirika akiulizwa kitu. Alijua hata jinsi anavyovaa viatu. Kwa hiyo alipomfikia bintiye pale uani na kumshika mkono, hakuwa na haja ya kuuliza. Alikuwa ameona haya yote kabla. Kilichomshinda kuelewa ni namna yalivyoingia kwake, kwa mtoto huyu ambaye hata soda alikuwa akiimaliza kwa shida.

Waliteremka njia ya kwenda nyumbani, mashamba ya majani chai pande zote mbili, jua likiwaka. Mong'ina alijivuta na kujivuta.

"Tata," alisema, kwa kuwa ndivyo Wakisii wanavyomwita baba, "zima hiyo taa."

"Taa gani?"

Aliivuta leso mpaka ikamfunika macho, na Ombui akalazimika kumwongoza kama kipofu.

Nyumbani alimketisha kwenye kochi, akainama karibu na kumnusa kinywa. Alinusa matapishi na dawa ya meno. Hakuna kingine. Lakini akajiambia kwamba vijana wa siku hizi wana vinywaji visivyo na harufu, na yeye ambaye hajawahi kuonja atajuaje? Akampashia maziwa, kama alivyokuwa akimfanyia Makori. Mong'ina alisukuma kikombe, yakamwagika juu ya mkeka, naye akaanza kulia bila machozi, akisema miguu inamuuma kana kwamba imekanyagwa na ng'ombe.

Ombui hakujua afanye nini tena, kwa hiyo akaamua kuomba.

"Inamisha kichwa tuombe."

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Shingo inakataa, tata."

Alikuwa amehubiri mara nyingi kuhusu watu wenye shingo ngumu, wasiotii, wasioonyeka, na sasa alimwona mmoja wao kwenye kochi lake mwenyewe. Hasira ilimpanda. Akafumba macho na kuomba peke yake kwa sauti kubwa, naye Mong'ina amelaza kichwa nyuma, kidevu juu, akipumua harakaharaka kama aliyetoka kupanda mlima.

Katikati ya sala alimshika mikono, na hapo akaacha kuomba. Mikono ilikuwa baridi. Haikuwa baridi ya kawaida ya asubuhi za Nyamira. Ilikuwa baridi kama mikono ya mtu aliyekuwa akifua mtoni. Akaweka kiganja kwenye paji la uso, na paji likamchoma. Akagusa ule mguu wa slipasi. Baridi vilevile, na kucha zimepauka. Makori akiwa amelewa alikuwa moto mwili mzima, hata wakati wa mvua, na alikuwa akivua shati barabarani. Ombui alisimama pale amemshika mtoto paji kwa mkono mmoja na mguu kwa mkono wa pili, kana kwamba ni watu wawili tofauti, akashindwa kuwaunganisha.

Labda ni malaria, alifikiri. Labda ni pombe na malaria pamoja. Labda amekula kitu kibaya kwenye ile sherehe. Kila jibu lilikaa vizuri kwa muda mfupi, kisha kitu fulani kikaliangusha. Mwishowe alichagua lile lililokuwa rahisi kuliko yote: alale. Makori alikuwa akilala hadi jioni, kisha akaamka akiomba chakula. Alifunga pazia, akamfunika kwa blanketi, akatoka nje na kuketi kwenye ngazi.

Haukupita muda, mwanamke mmoja wa kanisani akaja na bakuli la ndizi zilizopikwa kwa maharagwe. Alimkabidhi Ombui, akaulizia hali ya mtoto, kisha akazungumza kwa upole juu ya vyuo vya mjini na jinsi hata watoto wa wachungaji wanavyoharibikia huko. Alisema kanisa litasimama na familia. Ombui alimshukuru. Alipoondoka, Ombui alihisi kwamba jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa, na yeye mwenyewe alikuwa ametia mkono katika uamuzi huo bila kusema chochote.

Hakutaka kumpigia Emily. Alipompigia hata hivyo, alizungukazunguka, akauliza habari za mama mkwe, za mvua, za ng'ombe. Emily akamkatiza, akamwomba ampe mtoto simu, kwa kuwa tangu jana alikuwa akimpigia na hapokei. Ombui akaingia ndani, akamwamsha Mong'ina kwa shida, akaiweka simu sikioni mwake.

"Mong'ina wangu," Emily alisema, na sauti yake ikasikika chumba kizima. "Unaumwa wapi?"

"Sawa, mwalimu," Mong'ina alijibu kwa adabu. "Nitaileta kesho."

Emily akamwita tena, polepole, akamwambia ni mama. Mong'ina akasema tena kwamba ataileta kesho, mwalimu, kisha akafumba macho.

Ombui alitoka na simu nje. Ndipo alipomweleza mkewe kila kitu, kuanzia viatu hadi maziwa, na lile neno pia. Alilisema kwa sauti ya chini, akitazama barabara.

"Ndugu yako uliishi naye miaka yote," Emily alisema. "Hata siku moja alishindwa kunijua?"

Ombui alifikiri. Makori akiwa hawezi kusimama bado alikuwa akimsalimu kila mtu kwa jina, na ng'ombe pia, na kuuliza habari za watoto waliohamia Nairobi. Hakuwahi kumsahau mtu.

"Hapana," alijibu.

"Basi huyo hajalewa. Na hata kama amelewa, kuna kitu kingine. Mpeleke hospitali sasa hivi, Baba Mong'ina. Usingoje aamke."

Ombui aliuliza kama wasubiri kidogo homa ishuke, kwa kuwa alikuwa na panadol ndani. Emily alirudia maneno yaleyale, na mara hii hakumwita kwa jina lolote.

Mtu wa karibu mwenye gari alikuwa Mohamednoor, mfanyabiashara wa vitambaa na mablanketi katika soko la Magwagwa, aliyepanga nyumba ng'ambo ya barabara pamoja na mkewe Samsam. Hawakuwa marafiki sana. Walisalimiana, waliazimana ngazi na kamba. Mohamednoor aliacha chakula chake cha mchana, akatoa marobota kwenye pikapu, akatandika godoro nyuma. Samsam alipanda bila kuulizwa, akampakata Mong'ina kichwa. Alipomvua ile raba ili mguu upumzike, akamwita Ombui aangalie.

Kwenye unyayo, mahali ngozi ilipokuwa nyeupe zaidi, palikuwa na vidoa vidogo vyekundu, kana kwamba umedonolewadonolewa kwa ncha ya kalamu. Samsam alidhani ni miiba. Ombui alidhani ni mawe, kwa sababu labda msichana alitembea peku. Lakini mguu huu ndio uliokuwa na raba. Mohamednoor akawasha gari.

Katika kituo cha afya walipokelewa na tabibu kijana aliyejitambulisha kwa jina la Sharon Anyona. Alitoa damu kidoleni kupima malaria. Ombui alisubiri jibu lile kama mtu anayesubiri kuhukumiwa, akiomba kimoyomoyo iwe malaria, ugonjwa unaojulikana, ugonjwa usio na aibu. Haikuwa malaria. Basi akaona kwamba lile neno limerudi palepale. Alimvuta tabibu kando.

"Daktari," alisema, "huenda amekunywa. Walikuwa na sherehe chuoni."

Sharon hakushangaa wala hakubisha. Alisema inawezekana amekunywa na inawezekana hajanywa, lakini mlevi naye huugua, na pombe haimfanyi mtu awe na homa ya kiasi hiki huku mikono ikiwa barafu. Akauliza maswali mengi kwa haraka: kichwa kilianza kuuma lini, mwanga unamsumbua, ametapika, anajua yuko wapi, mara ya mwisho alikojoa saa ngapi. Ombui alijibu, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyosikia siku nzima ikipangwa upya mbele yake, vitu vilevile vikiwa na majina mengine.

Kisha Sharon aliweka mkono nyuma ya kichwa cha Mong'ina aliyelala chali, akajaribu kukiinua ili kidevu kiguse kifua. Kichwa hakikukunjika. Kilikuja kizima pamoja na mabega, na magoti ya msichana yakajikunja yenyewe. Mong'ina akatoa sauti ambayo Ombui hakuwahi kuisikia kutoka kwake.

"Shingo imekuwa ngumu hivi tangu lini?" Sharon aliuliza.

Ombui aliona tena kanisa lote limepiga magoti na uso mmoja umeelekea dari. "Tangu asubuhi," alisema. "Aliniambia."

Sharon aliomba glasi. Muuguzi akaleta ya kunywea maji, ya kioo kitupu, naye Sharon akaibana upande wake kwenye unyayo mahali penye vidoa, akamwita Ombui aone mwenyewe. Alieleza kwamba vipele vya kawaida vikibanwa hivi hupotea kwa muda, kwa kuwa damu husukumwa pembeni. Ombui aliinama. Ngozi chini ya kioo ilipauka; vidoa havikuondoka. Sharon alimfunua pia kope la chini, na ndani yake, kwenye wekundu, palikuwa na doa jingine.

"Tusisubiri vipimo vingine," alisema. "Dawa anaanza hapahapa, kisha anaenda Kisii."

Wakati muuguzi akitafuta mshipa, na mishipa ikijificha kwa ile baridi, Sharon alimweleza Ombui kwa maneno mepesi. Alisema anashuku vijidudu vimeingia kwenye utando unaofunika ubongo, na vimeingia kwenye damu pia, na damu ikishambuliwa hivyo mwili huacha mikono na miguu ili uokoe moyo na ubongo. Alisema mwanzoni ugonjwa huu hufanana na mafua, hufanana na malaria, hufanana na ulevi, ndiyo maana unawaponyoka hata wao. Vidoa vilikuwa vimewasaidia, lakini wengine hawavipati kabisa, na kwenye ngozi nyeusi watu hawavioni kwa kuwa hawaangalii nyayo, viganja na kope. Anayengoja vidoa ndipo aamini, huchelewa. Ombui aliitikia kila sentensi. Baadaye, ndani ya ambulensi, alijaribu kuzikumbuka ampe Emily kwenye simu, na alichoweza kusema kilikuwa kwamba kuna glasi, na vidoa vimekataa kutoka, na mtoto si mlevi.

Hospitali kubwa ya Kisii ilimpokea Mong'ina ikamficha nyuma ya pazia. Kuanzia hapo Ombui hakuelewa mambo mengi. Daktari mmoja alikuja kuomba ruhusa ya kumchoma sindano mgongoni ili achukue maji ya uti wa mgongo, naye Ombui akakumbuka hadithi za watu waliopooza, akasema hapana, kisha akasema ndiyo, kisha akasema angoje mama wa mtoto afike. Emily alifika kutoka Nyamache na kikapu kitupu, hajui kwa nini alikibeba, akamsikiliza daktari akieleza kwamba sindano huingia chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa mgongoni unapoishia, na akasema ndiyo mara moja. Walikaa kwenye benchi la korido. Ombui alitaka mkewe amlaumu. Emily alikuwa akitazama tu lile pazia.

Majibu yaliwathibitishia madaktari kile walichokuwa wakitibu tayari: vijidudu kwenye utando wa ubongo na kwenye damu. Afisa wa afya alikuja akauliza ni akina nani waliokaa karibu na mgonjwa, akawapa vidonge vya kinga Ombui na Emily, na akatuma vingine kwa Samsam na Mohamednoor. Akauliza pia kuhusu hosteli. Emily ndiye aliyekuwa na namba ya simu ya matroni. Matroni alipokwenda chumbani alimkuta msichana aliyekuwa akilala kitanda kilichopakana na cha Mong'ina amejifunika shuka kichwani, wenzake wamemwekea ndoo ya kutapikia na kumfungia mlango ili apumzike, pombe imtoke. Walimbeba vilevile alivyokuwa. Alikaa hospitalini kwa muda mrefu kuliko Mong'ina, lakini alitoka akitembea.

Mong'ina naye alirudi kidogokidogo, na si katika mpangilio mzuri. Kwanza alimjua mama yake. Kisha akawa anaita kijiko daftari na anaita dirisha mwalimu, akilia kwa hasira watu wasipomwelewa. Vidole vya mguu mmoja vilikuwa vimegeuka vyeusi. Vyote vilipona ila kile kidogo, ambacho ncha yake madaktari waliikata. Sikio la kushoto halikusikia tena. Daktari aliyelipima alisema ugonjwa umeondoka na usikivu wake, na kwamba wengi wanapoteza zaidi ya hapo.

Alitoka hospitalini mvua zikiwa zimeanza. Watu wa kanisa walimtembelea, wakaimba, wakaleta mayai na sukari. Yule mwanamke wa bakuli la ndizi alikuja pia, akamkumbatia, na akamwambia Emily mlangoni kwamba Mungu ni mwema, hata akitupatia funzo. Emily alimuuliza funzo gani. Mwanamke akasema aa, mambo ya vijana tu, akaenda zake.

Ombui alilisikia hilo. Alikuwa amedhani kwamba ukweli ukishajulikana hospitalini utateremka wenyewe hadi Magwagwa. Kumbe kule chini bado Mong'ina alikuwa msichana aliyekuja kanisani amelewa, na kisha, kwa bahati mbaya au kwa adhabu, akaugua.

Jumatatu moja walikuwa wakichuma majani chai, baba na binti, kwenye mistari miwili iliyokaribiana. Mong'ina alikuwa bado mdhaifu na kikapu chake kilikuwa na majani machache, lakini alikuwa amekataa kukaa ndani. Ng'ambo ya ua wa waya, kwenye shamba la jirani, wanawake kadhaa walikuwa wakichuma na kupiga soga.

"Tata," alisema bila kugeuka. "Mimi sikumbuki kitu. Nakumbuka nikipiga mswaki, halafu nakumbuka hospitali. Watu wanasema nilikuja kanisani nimelewa."

Ombui aliendelea kuchuma. Mikono yake ilikuwa ikivunja majani mabovu na mazuri pamoja.

"Ile sherehe tulikunywa soda," Mong'ina akaendelea. "Hivyo ndivyo ninavyodhani. Lakini nikikaa nafikiri, nasema labda mtu alinitilia kitu. Labda nilikunywa na nimesahau. Kama nimesahau kanisa zima, si naweza kusahau na hiyo? Wewe ulikuwepo. Nilikuwa nimelewa?"

Alikuwa anauliza kwa dhati. Ombui aliona usoni mwake uleule mkanganyiko aliokuwa nao yeye siku ile, akiwa ameshika paji la moto na mguu wa baridi. Akajibu kwa sauti yake ya kawaida.

Mong'ina hakusikia. Baba yake alikuwa upande wa kushoto. Aligeuka mzima, akaliweka sikio zuri mbele, akamwambia arudie.

Ombui alinyanyua kichwa. Ng'ambo ya ua soga ilikuwa imekatika. Wanawake walikuwa wameinamia michai yao kwa bidii isiyo ya kawaida. Akajaza kifua hewa kama anavyofanya madhabahuni.

"Hukuwa umelewa," alisema, na sauti ikavuka mashamba hadi barabarani. "Ulikuwa unakufa, na mimi sikujua. Shingo yako ilikuwa ngumu, mikono baridi, na ulikuwa humjui mama yako. Huo ni ugonjwa. Hukuwa umelewa hata kidogo."

Mong'ina akaangalia ng'ambo ya ua, ambako mwanamke mmoja alikuwa ameacha kuchuma, amesimama wima.

"Nimesikia, tata," alisema. "Si lazima upige kelele hivyo."

Akarudi kwenye mstari wake. Mwanamke wa ng'ambo akasogea hadi kwenye ua, akashika waya, akamuuliza Ombui kama hiyo mikono baridi inakuja kabla ya homa au baada, kwa sababu ana mjukuu. Ombui alisema hajui vizuri, na kwamba ni heri amuulize tabibu. Kisha akaweka kikapu chini, akaenda karibu, na akaanza kumweleza yale aliyoyakumbuka, akijikwaa, akirudi nyuma, Mong'ina akimsahihisha kutoka kwenye michai kila alipokosea.